Mfaransa kaomba mvinyo wa Dodoma kwenye hoteli kubwa ya Dodoma, kaletewa wa Afrika Kusini

Dereva wa Ilazo

Wakuu, mbukwenyi.

Naendesha wageni wa miradi hapa makao makuu. Jioni za wakubwa nazijua kutokea maegesho: unawashusha mlangoni, unatafuta pa kuegesha, unasikiliza mpira redioni mpaka simu iite. Wiki iliyopita mgeni wangu, Mfaransa, mhandisi wa maji anayemaliza mkataba, akasema leo hubaki garini, leo tunakula meza moja. Hoteli siitaji na msinibane. Ni moja ya hizi za ghorofa zilizoota tangu serikali ihamie, marumaru mpaka ndani ya lifti, mlinzi wa mlangoni kavaa glavu nyeupe.

Kilichonileta hapa ni hiki. Huyu mzee kwao ni bonde la mto Loire. Kuna zabibu nyeupe inaitwa Chenin Blanc, asili yake ni huko kwao hasa. Zabibu hiyohiyo inalimwa hapa Dodoma, ukienda Hombolo unaikuta. Alipoambiwa ofisini hakuamini. Akaapa kwamba usiku wa kuaga ataionja iliyotoka kwenye udongo wa hapa.

Tumeketi, kijana wa huduma kaja na kitabu cha mvinyo, kizito kama Biblia ya mimbarini. Mzee kakifunua ukurasa kwa ukurasa. Ufaransa ipo, Italia ipo, Chile ipo, Afrika Kusini ndiyo usiseme. Dodoma hakuna. Akauliza kwa Kiswahili chake: "Ya hapa nyumbani iko wapi?" Kijana akatabasamu kwa adabu: "Ya hapa hatuweki bosi, wageni hawaipendi."

Mgeni ndiye huyo anayeuliza!

Mwisho kaletewa Chenin Blanc ya Afrika Kusini, laki na arobaini chupa. Imevuka bahari, imeshuka bandarini, imepanda lori kilomita 450 hivi kutoka Dar, ikaja kufunguliwa mwendo wa saa moja tu kutoka kwenye mizabibu ya jina lilelile. Mzee kaionja, kasema ni nzuri, kisha kanyamaza.

Chakula nacho ndiyo hivyohivyo. Kilianza kionjo, kijiko kimoja cha supu ya maboga kwenye kikombe cha kuchezea watoto. Kikafuata salmoni. Salmoni, Dodoma! Mtera perege wanavuliwa kila siku. Halafu steki, na meneja akapita mezani kutueleza kwa fahari kwamba nyama ile imetoka nje ya nchi. Mimi kila siku napigia honi ng'ombe waondoke barabarani. Mwishoni krimu iliyounguzwa juu kwa moto, imewekewa zabibu tatu. Nikauliza, hizi za wapi? Za supamaketi, hazina mbegu, za nje.

Siwasemi vibaya kwa huduma. Vijana wale wamefundishwa, glasi yako haikauki. Ila nataka kujua: nani aliwaambia wenye hoteli kwamba mtu anatoka Ulaya anakuja Dodoma ili ale Ulaya?

---

Mtoto wa Makole

Hii chai. Dereva gani anakaa meza moja na mzungu anakula salmoni? Wa kwetu wanapewa soda na mkate wapeleke garini.

---

Dereva wa Ilazo

Mtoto wa Makole, wapo wa soda na mkate, nimewaendesha pia. Wapo na wa aina hii. Huyu akienda vijijini Bahi anakula ugali wa uwele na mlenda kwa mkono, anaomba na chachandu.

---

Bi Ubuyu

Mlenda kwenye hoteli hiyo aliuomba?

---

Dereva wa Ilazo

Aliuomba dada. Kijana alicheka akadhani ni utani. Mzee hakuwa anatania.

---

Bi Ubuyu

Ndiyo hapo panaponiumiza. Mlenda wa Kigogo ule wa majani yaliyokaushwa na kusagwa, unaoupika na karanga na magadi kidogo, una mambo ambayo mpishi yeyote mwenye akili angeyachezea. Una rangi, una utelezi wake, unakaa mwaka mzima bila friji. Ndiyo chakula kilichovusha watu wa mkoa huu kwenye njaa, mvua hapa ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na ikigoma imegoma. Mpishi wa Ufaransa akiwa na kitu chenye historia kama hiyo, angekiandikia ukurasa mzima kwenye menyu. Sisi tunakificha nyuma ya jengo, kwenye kantini ya wafanyakazi. Na ninajua wafanyakazi wa hizo hoteli ndicho wanachokula mchana, nimewapelekea mwenyewe kwenye madishi.

---

Kijiwe cha Nkuhungu

Kwani mvinyo wa Dodoma si ndiyo Dompo? Umpe mzungu Dompo usiku wa kuaga? 😂

---

Mpunguzi Shambani

Kijiwe, tulia ujifunze. Dompo ni kinywaji kimoja kitamu kwa wanaokipenda, wala sina ugomvi nacho. Lakini ukisema mvinyo wa Dodoma ni Dompo ni sawa na kusema samaki ni dagaa. Mkoa huu una Makutupora nyekundu, una Chenin Blanc, una Syrah. Una kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, ndipo hiyo nyekundu ilipochukua jina. Mizabibu ililetwa na wamisionari kwa ajili ya altare. Mpaka leo mapadri wa Bihawana ukiwatembelea watakuonyesha mashamba.

Mimi nalima. Mzabibu wa hapa unavunwa mara mbili kwa mwaka, Machi na tena Agosti kwenda Septemba. Ulaya wanavuna mara moja, mti unalala kwenye baridi. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo sisi tunaulaza kwa mkasi: unapogoa, unasubiri, unachipua. Mwulizeni huyo Mfaransa kama kwao wanaweza.

Tatizo letu lipo baada ya kuvuna. Zabibu hazisubiri. Kiwanda kikisema kimejaa, unakamua mwenyewe unabaki na mchuzi wa zabibu kwenye mapipa, unaomba Mungu usichachuke kuwa siki kabla mnunuzi hajaja. Jirani yangu aliwahi kumwaga. Halafu nasikia ng'ambo ya mji kuna mtu kanunua chupa ya laki na arobaini kutoka Afrika Kusini kwa sababu ya kwetu haipo. Acha tu.

---

Mchumi wa Kisasa

Naomba niwe mbaya kidogo kwenye uzi huu.

Mleta uzi unasema hoteli inampikia mzungu chakula cha Ulaya. Wazungu wangapi wanakula hapo? Mimi nakaa kwenye mikutano ya hoteli hizo karibu kila mwezi. Wateja ni sisi. Ni wajumbe wa bodi, wakurugenzi, wakandarasi, wabunge wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni ambapo hata chumba cha gesti huko Ipagala unakipata kwa kujuana. Watu wa Mwanza, Mbeya, Moshi. Na ukimpa mkurugenzi wa Kitanzania mvinyo wa Hombolo mbele ya wageni wake atakasirika, atahisi umempunguzia hadhi. Yule kijana alivyosema "wageni hawaipendi" alikuwa na maana ya wageni hao.

Kwa hiyo usimlaumu mzungu wala usimlaumu meneja. Menyu ya hoteli ile imeandikwa kwa ajili ya Mtanzania anayetaka kuonekana ametoka.

---

Bi Ubuyu

Mchumi umepiga pabaya. Lakini hao hao wakurugenzi saa tano usiku wanashuka kutafuta mbuzi wa kuchoma na ndizi. Nimewaona na tai zao mfukoni.

---

Mchumi wa Kisasa

Ndiyo maana nasema. Ghorofani wanalipia kuonekana, chini wanalipia kushiba.

---

Mhudumu wa Zamani

Nimefanya kazi ya kuhudumia meza kwenye hoteli za namna hiyo, mbili tofauti, nimeacha. Niwaambie kitu ambacho hakuna aliyekigusa.

Mhudumu anauza alichoonjeshwa. Wakala wa mvinyo wa nje anakuja hotelini mchana, anakusanya wahudumu wote, anafungua chupa, anatufundisha: hii ni kavu, hii ina matunda, hii ipeleke na samaki, hii na nyama nyekundu. Analeta glasi zenye nembo yake, analeta friji ya chupa bure, anaacha mzigo na kulipwa baadaye. Anatupa na fulana. Mwezi ukiisha, aliyeuza chupa nyingi anapata kitu kidogo. Sasa mteja akiuliza "unanishauri nini?", unadhani nitamtajia nini?

Mvinyo wa Dodoma kwa muda wote niliofanya kazi hapa Dodoma sikuwahi kuletewa hata tone la kuonja. Hakuna aliyekuja. Kwa hiyo ukiniuliza nitakwambia wageni hawaupendi, maana siwezi kukwambia mimi mwenyewe siujui.

Halafu mleta uzi, mzee wako aliacha bahashishi?

---

Dereva wa Ilazo

Aliandika kwenye bili, akalipa kwa kadi yote pamoja.

---

Mhudumu wa Zamani

Basi kijana hajaiona, au ataiona imekatwakatwa. Mwambie siku nyingine ampe mkononi, noti. Ile asilimia ya huduma inayoandikwa chini ya bili pia isikudanganye. Nilikofanya mimi tulikuwa tunaisikia tu.

---

Kijiwe cha Nkuhungu

Bili ilikuja kwa dola au shilingi? Zamani hizo hoteli menyu nzima dola.

---

Dereva wa Ilazo

Shilingi tupu. Tangu kanuni za mwaka 2025 za kukataza kutoza kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hawathubutu kuandika dola. Ila ukigawanya kichwani unaona dola zimejificha humohumo.

---

Mpishi Kizota

Nimesoma uzi wote nikiwa kazini, sasa nimetoka, nijibu kama mtu wa jikoni. Sitasema nipo wapi.

Mnadhani mpishi hapendi kupika perege wa Mtera? Nawapenda. Sikilizeni kinachotokea. Meneja wa manunuzi anataka vitu vitatu: risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi), uzito uleule kila siku, na mtu atakayekubali kulipwa baada ya mwezi au miezi miwili. Mvuvi wa Mtera hana mashine ya EFD. Samaki wake leo ni wa gramu mia nane, kesho mia mbili. Na ukimwambia utalipwa mwisho wa mwezi ujao anakuona mwizi, na hajakosea, yeye jioni anatakiwa anunue unga. Kampuni ya salmoni iko Dar, ina mashine, ina gari la baridi, vipande vyote vimekatwa saizi moja, inasubiri hela. Mhasibu anapitisha salmoni dakika moja.

Kuku wa kienyeji wa Singida vivyo hivyo. Kila mtu Tanzania anawajua. Nikihitaji mia moja wa kilo moja na robo siku ya Alhamisi kwa ajili ya mkutano, nani ananipa? Nitaletewa majogoo matatu ya kupigania na vifaranga tisini. Asali ya Manyoni na Itigi naipata nzuri mno, ile nyeusi, lakini inakuja kwenye chupa za maji ya kunywa, haina lebo, haina alama ya ubora ya TBS. Mkaguzi akiikuta stoo, kesi ni yangu.

Kuhusu steki, hapa sikubaliani na mleta uzi moja kwa moja. Ng'ombe mnaowapigia honi wametembea jua zima kutafuta majani, misuli yao ni ya mwanariadha. Mchuzi watatoa mtamu kuliko wote, na ukichoma taratibu unakula vizuri. Steki ya dakika nne kwa mtu anayetaka katikati pabaki pekundu, hapana, utamrudishia meno yake kwenye kitambaa. Nyama ya steki inataka ng'ombe aliyenenepeshwa, na baada ya kuchinjwa ining'inie kwenye baridi siku kadhaa. Mpwapwa tangu enzi za Wajerumani kuna kituo cha mifugo, na kuna aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa iliyotengenezwa hapohapo kwa ajili ya nchi kavu kama hii. Kongwa kuna ranchi ya taifa. Utaalamu tunao. Kinachokosekana ni chumba cha baridi na mtu wa katikati mwenye subira.

Ila mlenda hauna kisingizio hata kimoja. Ni mkavu, unakaa stoo, haugandi, hauozi, soko la Majengo upo. Huo ni aibu yetu tu. Niliwahi kuuweka kwenye menyu ya majaribio kama kionjo, kijiko kimoja juu ya kiduara cha ugali wa uwele uliokaangwa, karanga za kusagwa pembeni. Bosi akauona, akaniuliza, "Huu ndio tunaokula nyumbani?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Basi wautolee nini hela?" Ukaondolewa.

---

Mpunguzi Shambani

Mpishi, kwenye mvinyo hizo sababu hazishiki. Viwanda vya hapa vina EFD, vina lebo, vina TBS. Hata ushuru wa bidhaa serikali imeupendelea mvinyo wenye zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75, unatozwa kidogo sana ukilinganisha na wa nje. Maana yake hoteli ingenunua kwa bei ndogo ikauza kwa faida kubwa. Hapo nieleze.

---

Mpishi Kizota

Mzee, mimi ni wa jikoni, baa ina wenyewe. Lakini nadhani Mhudumu wa Zamani ameshajibu. Watu wenu wa mauzo wako wapi? Hapa kwetu wanapita wa Cape Town kila baada ya muda, wa Hombolo sijamwona.

---

Abiria wa SGR

Nichangie kama mgeni. Tangu treni ianze kufika Dodoma Julai 2024, natoka Dar asubuhi kwa 31,000 ya daraja la kawaida, nafanya shughuli kwenye mji wa serikali Mtumba, jioni narudi au nalala. Tupo wengi. Kila nikilala nauliza watu wa hoteli: niende wapi nikaone zabibu? Wananielekeza Nyerere Square kupiga picha. Nyerere Square naipenda, ila zabibu ziko wapi? Mji mzima umechora zabibu, kwenye mabango, kwenye nembo, lakini kwenye glasi hamna.

---

Mtoto wa Makole

Narudisha maneno ya chai, mleta uzi. Lakini hujatuambia mwisho wake. Mfaransa aliondoka bila kuionja?

---

Dereva wa Ilazo

Hapana. Kesho yake nilimpeleka dukani, tukapata chupa nyeupe ya hapa kwa bei ambayo hotelini isingenunua hata glasi mbili. Ilikuwa imewekwa kwenye rafu ya dirishani, jua la saa nane linaipiga. Tukaenda kuinywea kwake, mimi kidogo maana nilikuwa na usukani.

Hakuwa na unafiki. Alisema harufu ndiyo, anaitambua, kuna tufaha na kuna asali, ni ndugu wa kwao kabisa. Ila ukali wa kwao ambao unafanya mdomo utoe mate haupo, na hii chupa imepikwa na jua, si kosa la aliyeitengeneza. Akasema angeinywa iliyohifadhiwa vizuri, ikiwa baridi, angeweza kumwekea baba yake mezani bila kumwambia imetoka wapi. Akaagiza nimtafutie nyingine kutoka kiwandani moja kwa moja.

Na muziki hotelini nilisahau kuusimulia. Alikuwepo mpiga saksafoni anapiga nyimbo za harusi za Kizungu. Mzee akaniuliza kama hapa si ndipo kwao na marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa ilimba na zeze. Kanda zake anazo tangu ujana. Mimi Mgogo nimekaa hapo na saksafoni inanipigia.

---

Mpunguzi Shambani

Amesema kweli kuhusu ukali. Joto letu linaivisha zabibu haraka, sukari inapanda na ule uchachu unashuka. Kwao usiku wa baridi unaushikilia. Dawa yake ni kuvuna mapema kidogo na kuvuna alfajiri, na kuchagua zao la pili. Zao la Machi linakutana na mvua, zabibu zinanywa maji, magonjwa yanaingia, dawa zinaongezeka. La Agosti linaiva kwenye ukavu, usiku wa Juni na Julai hapa unajua wenyewe, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Mvinyo wa zao la Agosti ndio wa kumpa mgeni. Mwambie mzee wako akiuliza kiwandani aulize hivyo: hii ni ya Machi au ya Agosti? Watashtuka.

---

Mhudumu wa Zamani

Hilo la Machi na Agosti ndilo nililokuwa nasema tungefundishwa. Mteja akiuliza, namwambia hii ya Agosti, iliiva kwenye upepo. Ananunua palepale.

---

Mchumi wa Kisasa

Na mkurugenzi wangu ananunua mbili.

---

Bi Ubuyu

Mpishi Kizota, ule mlenda wako wa kionjo nipe namna ya kupika. Nina harusi ya mdogo wangu Chamwino, nataka niuweke kwenye meza ya mbele wakwe wauone.

---

Mpishi Kizota

Uwele usiwe mwororo sana, usonge mgumu, uukate ukishapoa, ukaange kwa mafuta ya alizeti. Mlenda usiuwekee magadi mengi utakuwa mchungu. Mengine nakuandikia inboksi.

---

Abiria wa SGR

Dereva, hicho kiwanda utakachomtafutia mzee chupa ukipata siku niambie, nashuka Ijumaa.

---

Dereva wa Ilazo

Jumamosi asubuhi tunaenda, gari lina nafasi mbili. Inboksi yako imejaa mkuu, futa ujumbe nikutumie namba.